Lambo la Masika na Yaliyomo Majini Mwake

Asiyewahi kufika Shinyanga wakati wa kiangazi hawezi kuujua vema uzuri wake wakati wa masika. Kuanzia Juni hadi Oktoba nchi ile huwa ya rangi moja: vumbi, mabua ya mtama, na ng'ombe watembeao mwendo mrefu kutafuta maji. Kisha mvua za Novemba hufika. Katika majuma machache nyasi huchipua mpaka miguuni pa majabali, mbuga za udongo mweusi hutota, na malambo yaliyokuwa yamekauka hata kupasuka hugeuka kuwa maziwa madogo. Yangeyange hutua ukingoni, yungiyungi huchanua juu ya maji, na usiku vyura hawamwachi mgeni alale.

Masika iliyopita nilikwenda huko pamoja na mdogo wangu wa kike na mwanawe wa miaka tisa, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Nilitaka alione lambo nililojifunzia kuogelea. Tulifika karibu na saa sita mchana, tukakuta watoto zaidi ya kumi majini, wakirukaruka na kucheka. Kabla sijasema neno, mpwa wangu alikuwa amekwisha kuvua viatu.

“Mjomba, na mimi niingie?”

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa mkojo. Hata hivyo, swali lile lilinikuta sina jibu la haraka.

Nchi iliyorudishiwa majani

Uzuri tulioutazama siku ile si wa mvua peke yake. Katika karne iliyopita misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuondoa mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mpaka sehemu kubwa ya mkoa ikabaki tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mradi huo ulijengwa juu ya desturi ya kale ya Wasukuma iitwayo ngitili: eneo la malisho hufungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto wake, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta. Anayepita leo kando ya ngitili zenye migunga na ndege wengi anaona kazi ya mikono ya wanavijiji wenyewe.

Nayataja haya kwa sababu watu waliofaulu kuirudisha misitu hawashindwi kuyasafisha maji yao. Lakini kwanza yafaa tujue kilichomo ndani yake.

Konokono ajizikaye

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanamfahamu kamongo, samaki ambaye maji yakikauka hujizika katika tope na kungoja mvua. Wachache wanajua kwamba yuko konokono mdogo mwenye tabia iyo hiyo. Konokono huyo, wa jamii iitwayo bulinasi, huishi katika malambo na madimbwi ya muda. Kiangazi hujificha ndani ya udongo mkavu kwa miezi, na mvua zikinyesha huamka na kuzaana upesi. Ndiye anayebeba vimelea vya kichocho cha mkojo.

Mzunguko wake ni mfupi kueleza. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini au kando yake, mayai huanguliwa na vimelea humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa konokono hutoa maelfu ya viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu. Hutoka kwa wingi zaidi saa za jua kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, yaani saa zile zile ambazo watoto hupenda kuoga.

Damu iliyoitwa ujana

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi nilipoona damu mwishoni mwa mkojo wangu. Niliwaambia wenzangu wakubwa, nao wakacheka na kunipongeza: nilikuwa nakua, walisema, na kila mvulana huipitia hali hiyo. Nyumbani sikusema lolote. Nilipona kwa bahati, baada ya wanafunzi wa shule yetu kupimwa na kupewa dawa.

Miaka mingi baadaye, mmoja wa wenzangu wale aliingia katika chumba changu cha kliniki. Alikuwa amekonda, na mkojo wake ulikuwa na damu kwa zaidi ya mwaka. Tulikuta saratani ya kibofu iliyokwisha kuenea. Siwezi kuapa kwamba chanzo chake ni lambo letu. Lakini aina yake, saratani ya seli bapa, ndiyo inayohusishwa zaidi na kichocho kilichokaa mwilini kwa miaka bila kutibiwa. Tulioga maji yale yale. Mimi nilipata vidonge mapema, yeye hakupata.

Kwa wanawake madhara yana sura nyingine. Mayai ya kichocho yanaweza kukwama katika shingo ya kizazi na uke, yakaleta vidonda, kutokwa damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na hata ugumba. Wengi wao hutibiwa mara kwa mara kama wenye magonjwa ya zinaa, wakarudi nyumbani na dawa zisizofaa na aibu isiyo haki yao. Wahudumu wenzangu, swali moja la upole lingeweza kuwaepusha na hayo: “Mama, ulipokuwa msichana, mlikuwa mkiteka maji na kuoga wapi?”

Ukivuka kwenda Geita

Upande wa Geita hatari hubadilika. Ufukweni mwa Ziwa Viktoria kichocho kilichoenea ni kile cha tumbo, ambacho huumiza utumbo na ini. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, kama Rwamgasa na Nyarugusu, mvua hujaza mashimo na maduara yaliyoachwa. Maji yake yanaweza kutulia na kuonekana safi kuliko ya lambo, lakini kingo zake ni wima na kina chake hakijulikani. Mtoto akiteleza hana pa kushika.

Penye mialo na marudio iko hatari nyingine: zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Sehemu yake huchukuliwa na maji ya mvua hadi mitoni, ambako vijidudu huigeuza kuwa sumu inayojikusanya katika samaki. Huumiza ubongo na neva, hasa za mtoto aliye tumboni. Kuchemsha maji hakuondoi zebaki. Yaliyo karibu na mialo au mitambo ya kuchenjulia dhahabu yasinywewe, yasiogwe, wala yasivuliwe samaki.

Tembea, lakini kwa hadhari

Simwambii mtu asiende. Atembee, apande majabali asubuhi, atazame ndege, ale chakula chini ya mkwaju. Avae viatu vinavyofunika mguu, maana kifutu hulala katika nyasi ndefu. Radi ikianza kunguruma ashuke jabalini mara moja. Usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Asiingie majini. Maji ya kuogea yachemshwe, au yahifadhiwe katika chombo safi kisicho na konokono kwa siku mbili kamili, muda ambao viluwiluwi hufa. Aliyekwisha kuingia asikimbilie dawa kesho yake, kwa kuwa prazikwanteli haiwaui vema minyoo walio wachanga. Apimwe baada ya majuma manane hadi kumi na mawili, mkojo ukichukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Akipata homa, asisubiri: apimwe malaria siku iyo hiyo.

Mpwa wangu aliyasikiliza haya akiwa ameketi juu ya jiwe, viatu mkononi. Kisha akawaonyesha wale watoto kwa kidole.

“Na wao je, mjomba?”

Kwao lambo si matembezi. Ni maji ya kunywesha ng'ombe, ya kufulia, na mchezo pekee wa masika. Kuwakataza bila kuwapa kisima na choo ni kuwaonea. Nilichoweza kufanya siku ile ni kuongea nao, kisha kwenda kwa mwalimu mkuu wa shule yao kuuliza siku ya kugawa vidonge vya kichocho. Mdogo wangu aliandika tarehe. Tumeahidi kurudi masika ijayo, na safari hii nitabeba vikopo vya kupimia mkojo.