Ruvuma tuko wangapi, na redio inatufikiaje?

Wasikilizaji wa vijijini huuliza: kwa nini habari nyingi za redio za Songea ni za mjini? Tuanze na idadi ya watu.

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,848,794 mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 tulikuwa 1,376,891. Yaani ndani ya miaka 10 tumeongezeka watu 471,903. Manispaa ya Songea nayo ilipanda kutoka watu 203,309 hadi 286,285.

Maana yake ni kwamba, katika kila watu 100 wa Ruvuma, wanaoishi Manispaa ya Songea ni kama 15 tu. Wale 85 wako Mbinga, Nyasa, Namtumbo, Tunduru, Madaba na Songea Vijijini. Wasikilizaji wengi basi wako nje ya mji. Kwa nini hawasikiki?

Sababu ya kwanza ni fedha. Redio binafsi, zilizofunguliwa mlango na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, huishi kwa matangazo ya biashara, na wenye maduka na kampuni za kulipia matangazo wengi wako mjini. Kumpeleka mwandishi Tunduru, zaidi ya kilometa 250 kutoka Songea, kunahitaji nauli na malazi. Kumtuma sokoni hapa mjini ni bodaboda tu.

Sababu ya pili ni leseni. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa leseni kwa ngazi: taifa, mkoa, wilaya na redio za kijamii. Kituo chenye leseni ya wilaya hakiwezi kujiamulia kurusha matangazo mkoa mzima.

Ya tatu ni milima. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima huyazuia. Ndiyo maana mtu aliye juu ya kilima huko Umatengo anaweza kupata kituo vizuri, na jirani yake wa bondeni akasikia mikwaruzo tu.

Ufanye nini? Kama simu yako ina redio ya FM, chomeka waya wa masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena. Hapo huhitaji bando. Bado mawimbi hafifu? Sogea mahali palipoinuka.

Na habari ya kijijini isisubiri mwandishi afike. Mbolea ya ruzuku ikichelewa, daraja likikatika au bei ya mahindi ikishuka, piga simu au tuma ujumbe studio. Taja kijiji, kata, siku na jambo lenyewe, ili mtangazaji aweze kumpigia mtendaji kuthibitisha kabla ya kutangaza. Watu 85 kati ya 100 wakinyamaza, mkoa mzima utasikika kana kwamba ni mji mmoja.