Pipa la plastiki: tujue lilibeba nini kabla ya kulipa kazi nyumbani

Katika kata ya Kate, wilayani Nkasi, kama ilivyo katika vijiji vingine vya nyanda za juu za Ufipa, pipa la plastiki la lita 200 limekuwa chombo cha kawaida katika kaya. Mengi hununuliwa yakiwa yameshatumika. Yanatoka kwenye viwanda na maghala ya mijini, yanapita kwa wafanyabiashara wa Mbeya na Sumbawanga, kisha yanafika vijijini juu ya malori. Mwenye nyumba akishalipata hulitumia kwa maji, nafaka, togwa, bustani au chakula cha nguruwe.

Kamati za sharika huweka mapipa katika maombi ya miradi, na wafadhili huuliza kama ni salama kutumia pipa lililokwisha kutumika. Jibu ni kwamba pipa ni chombo imara, lina bei nafuu kuliko simtanki na hudumu miaka mingi. Hata hivyo, kazi ya pili ya pipa lazima ifuate kazi yake ya kwanza. Makala hii inaeleza jinsi ya kuamua, na namna tatu za kulitumia pipa ambazo zinaleta manufaa ya kweli kwa kaya ya Ufipa.

KWA NINI HISTORIA YA PIPA NI MUHIMU

Mapipa mengi ya bluu yametengenezwa kwa plastiki ngumu aina ya HDPE. Chini yake utaona alama ya pembetatu yenye namba 2. Wengi hudhani alama hiyo ina maana kuwa pipa ni salama. Sivyo. Inataja aina ya plastiki tu, haisemi pipa lilibeba nini. Hata alama ya glasi na uma, ambayo huonyesha kuwa chombo kilifaa kwa chakula kikiwa kipya, haiwezi kutueleza nini kiliwekwa ndani baadaye.

Plastiki hii inaonekana ngumu, lakini baadhi ya kemikali hupenya taratibu na kubaki ndani ya kuta zake. Kuosha kwa sabuni na maji ya moto husafisha uso tu. Kilichoingia ndani hurudi kidogo kidogo kwenye maji au chakula kwa muda mrefu. Kutokuwa na harufu si uthibitisho wa usalama. Ndiyo maana ushauri wa kitaalamu duniani kote ni kwamba chombo kilichobeba viuatilifu kisitumike kamwe kwa maji, chakula au malisho ya mifugo, hata kama kimeoshwa mara nyingi.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kila pipa liwekwe katika moja ya ngazi tatu:

Ngazi ya kwanza ni mapipa yaliyobeba chakula: mafuta ya kula, juisi nzito, sharubati, siki au asali. Haya yanafaa kwa maji na nafaka baada ya kuoshwa vizuri.

Ngazi ya pili ni mapipa yaliyobeba sabuni ya maji au vitu vya usafi vinavyofanana na hiyo. Yasuuzwe mpaka povu liishe kabisa, kisha yatumike kwa maji ya kufulia, kunyweshea miti, au kuhifadhia majembe na zana nyingine. Yasiwekwe maji ya kunywa wala nafaka.

Ngazi ya tatu ni mapipa yaliyobeba viuatilifu, tindikali, rangi, mafuta ya mitambo, au kitu chochote chenye alama ya fuvu au alama ya hatari. Haya yasiingie nyumbani kabisa. Pipa ambalo muuzaji hawezi kueleza lilibeba nini lihesabiwe katika ngazi hii, hata kama bei yake ni ya chini sana.

Tahadhari moja zaidi: usikate pipa kwa moto. Mvuke uliobaki ndani ya pipa la mafuta au kemikali unaweza kulipuka. Tumia msumeno baada ya kulijaza maji na kuyamwaga.

KAZI YA KWANZA: MAJI YA MVUA

Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Hesabu ya maji ya paa ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 5 kwa mita 6 lina mita za mraba 30. Mvua ya milimita 10 huleta lita 300 juu ya paa hilo. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa maji yanayopotea, zinabaki lita 240. Kwa hiyo mvua moja ya kawaida hujaza pipa zima.

Lakini tuwe wakweli kuhusu uwezo wake. Kaya ya watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku humaliza pipa kwa siku mbili. Pipa haliwezi kuivusha kaya kiangazi cha Mei hadi Oktoba. Kazi hiyo ni ya tangi kubwa au kisima. Faida ya pipa ni kupunguza safari za maji wakati wa mvua, ambao ndio wakati wa palizi na kazi nyingi za shamba. Pipa moja lililojaa ni sawa na ndoo kumi za lita 20 ambazo mama au mtoto hakuzibeba kichwani.

Utengenezaji wake ni huu. Pipa lisimame juu ya msingi wa matofali au mawe yaliyopangwa vizuri, maana likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200. Koki ifungwe upana wa vidole vinne kutoka chini ili uchafu ubaki kwenye kitako. Mdomo ufunikwe kwa wavu wenye matundu madogo, na juu yake mfuniko. Mvua za kwanza baada ya kiangazi zisiingizwe ndani kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka juu ya paa. Maji ya paa la nyasi yatumike kwa bustani tu. Maji ya kunywa yachemshwe hata kama paa ni la bati.

Mfuniko na wavu si mapambo. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hupenda kutaga katika mapipa, matairi na vyombo vya maji karibu na nyumba. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kwa maji ya matumizi yasiyofunikwa vizuri, mwaga na kusugua kuta za pipa kila wiki, kabla mayai hayajawa mbu. Aidha, mtoto mdogo anaweza kuzama katika pipa lililo wazi, hivyo mfuniko ufungwe.

KAZI YA PILI: KUHIFADHI MAHINDI NA MAHARAGE

Hapa ndipo tunaona faida kubwa kuliko zote kwa Ufipa. Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, lakini kaya nyingi huuza mapema baada ya mavuno, wakati bei iko chini. Sababu moja ni mahitaji ya fedha. Sababu nyingine ni hofu ya fukusi na dumuzi. Dumuzi asili yake ni Amerika ya Kati, na alitambuliwa nchini mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anaweza kugeuza gunia la mahindi kuwa unga katika miezi michache. Kaya iliyouza yote mwezi Julai hujikuta ikinunua mahindi Januari au Februari kwa bei ya juu.

Pipa linalofaa ni lile lenye mfuniko mpana unaobanwa kwa pete ya chuma na lenye mpira wa kuzuia hewa. Pipa lenye vizibo viwili vidogo juu halifai, maana ni vigumu kulijaza, kulisafisha na kulikagua. Njia inafanya kazi hivi: wadudu wakifungiwa ndani hupumua mpaka oksijeni inapungua sana, hapo hushindwa kula na kuzaana, kisha hufa. Hakuna haja ya dawa ya kuhifadhia. Na vidonge vya kufukizia ghala visitumike kamwe ndani ya nyumba, kwa sababu gesi yake huua watu.

Masharti ni manne:

1. Nafaka ikauke vizuri. Weka mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Isiponata, yaanike siku moja au mbili zaidi kwa usalama. Nafaka yenye unyevu ikifungiwa huoza na kuota ukungu wenye sumu.

2. Pepeta uondoe vumbi na punje zilizovunjika.

3. Jaza pipa mpaka juu ili hewa inayobaki iwe ndogo. Pipa la lita 200 huchukua karibu kilo 150 za mahindi, yaani gunia moja na nusu.

4. Usifungue kwa wiki sita za mwanzo. Kila ukifungua, hewa mpya huingia. Kwa hiyo mahindi ya kula sasa yakae kwenye gunia, na ya pipa yawe ya miezi ya upungufu.

Pipa liwekwe ndani ya nyumba, juu ya mbao, mbali na jua.

KAZI YA TATU: BUSTANI YA JIKONI

Pipa lililopasuka mfuniko au lenye ufa bado lina kazi, ili mradi ni la ngazi ya kwanza. Likatwe mara mbili kwa urefu, litobolewe chini kila baada ya kiganja kimoja, na kujazwa udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Sukuma wiki, Chinese, spinachi na vitunguu hustahimili baridi ya Juni na Julai kuliko mchicha. Maji yaliyooshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha kunyweshea.

Wafipa wana desturi ya siku nyingi ya kufukia nyasi katika matuta ya duara, intumba, ili zioze na kurutubisha udongo. Utaratibu huo unafaa pia ndani ya pipa: weka tabaka la majani chini kabla ya udongo.

Pipa zima linaweza pia kutumika kwa umwagiliaji wa matone. Liinuliwe mita moja, liunganishwe na mipira yenye matundu madogo, na lijazwe asubuhi. Nchini Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI ilisaidia kueneza ndoo na mapipa ya aina hii miaka ya 1990. Maji yachujwe kwanza, maana takataka huziba matundu.

KWA KAMATI ZA SHARIKA NA WAFADHILI

Tunashauri mambo yafuatayo kabla ya kupitisha ombi lolote la mapipa:

- Kamati iandike kila pipa limenunuliwa kwa nani na lilibeba nini. Lisilo na jibu lisinunuliwe.
- Kila pipa liandikwe kwa rangi, kwa herufi kubwa: MAJI, NAFAKA au BUSTANI. Kazi isibadilishwe baadaye.
- Bajeti ihusishe koki, gata, wavu na msingi wa matofali. Pipa peke yake bila vitu hivi halitafanya kazi iliyokusudiwa.
- Vyombo vya viuatilifu visuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha vitobolewe ili mtu asivitumie tena. Bwana shamba wa kata aulizwe mahali pa kuvipeleka. Usimamizi wa viuatilifu nchini uko chini ya mamlaka ya TPHPA kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.
- Taarifa ya mradi isiishie kwenye idadi ya mapipa yaliyogawiwa. Baada ya miezi mitatu kamati ipite nyumba kwa nyumba ihesabu ni mangapi yana mfuniko, na mwezi Februari ihesabu ni kaya ngapi bado zina mahindi ndani.

Hesabu hiyo ya Februari ndiyo tunayoomba iletwe ofisini pamoja na taarifa ya robo ya kwanza ya mwaka.