Uji, Minyoo na Mwalimu wa Chekechea Mpakani Busia

Elimu ya awali ni malezi na mafunzo anayopata mtoto kabla ya darasa la kwanza, hasa kati ya miaka 3 na 6. Uzito wake unatokana na jinsi ubongo unavyokua. Mtoto akifikisha miaka 5, ubongo wake huwa umekaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miunganisho ya seli za neva inayotumika mara kwa mara huimarika, na ile isiyotumika hupukutika. Kinachoitumia miunganisho hiyo ni mambo ya kila siku: kuongeleshwa na kujibiwa, kuulizwa maswali, kucheza na wenzake, kusimuliwa hadithi kwa lugha ya nyumbani, iwe Kisamia, Kiteso au Kidhopadhola. Kuimbishwa alfabeti kwa pamoja ndani ya chumba kilichofurika hakuwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo hayo.

Kwa hiyo mtoto kuwapo chekechea ni jambo moja, na kujifunza akiwa huko ni jingine. Ushahidi mzuri wa tofauti hiyo ulitoka Busia na Teso, wilaya mbili za Kenya wakati huo, ambazo leo ziko ndani ya Kaunti ya Busia, mpakani na Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kati ya chekechea 50, 25 zilichaguliwa kwa bahati nasibu watoto wapewe uji wa asubuhi bila malipo. Watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia matokeo. Uji uliwavuta watoto: kati ya kila 100 waliotarajiwa, takriban 36 walikuwapo darasani siku ya kawaida, ilhali katika chekechea zisizo na uji walikuwa 27.

Alama za mitihani, hata hivyo, zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu tangu kabla ya mradi. Kwingineko watoto walikunywa uji na kurudi nyumbani na ujuzi ule ule. Sababu si ngumu kuona: kugawa uji kulikula muda wa kufundisha, na madarasa yaliongezeka watoto. Chekechea zenye uji zilipandisha karo, na jirani zake zikapunguza ili zisihamwe, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote anayejua biashara ya mpakani. Utoro wa walimu nao ulibaki pale pale, karibu asilimia 30. Katika mradi mwingine wa eneo hilo, walimu wakuu walikabidhiwa fedha za kuwatuza walimu wa chekechea wenye mahudhurio mazuri. Walizigawa karibu kwa wote, mtoro na asiye mtoro, na utoro haukupungua.

Ubora wa darasa hauwezi kutenganishwa na afya ya mtoto anayeketi ndani yake. Mwaka 1998 ulianza Busia mradi wa kuwapa dawa ya minyoo wanafunzi wa shule 75 za msingi. Vipimo vya awali vilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto walikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo au kichocho. Minyoo ya safura hufyonza damu na kumpunguzia mtoto madini ya chuma, ambayo ubongo unayahitaji unapokua. Watoto wachanga hawakupewa dawa hiyo. Lakini wakubwa walipotibiwa, mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo wa kijiji kizima. Takriban miaka kumi baadaye, mtafiti Owen Ozier aliwapima waliokuwa chini ya mwaka mmoja wakati huo, akakuta faida ya akili inayolingana na nusu mwaka wa shule au zaidi. Ikumbukwe kwamba mwaka 2015 hesabu za utafiti wa kwanza wa mradi huo wa dawa, uliohusu mahudhurio ya wanafunzi, zilirudiwa na wataalamu wengine, makosa kadhaa yakaonekana, na mjadala juu ya ukubwa wa faida ya dawa haujaisha.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo nchini Uganda, tatizo kubwa limekuwa malaria. Vipimo vya mwaka 2001 na 2002 vilikadiria kuwa mkazi wa huko aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Homa za mara kwa mara huleta upungufu wa damu na kumtoa mtoto darasani. Malaria ya ubongo huacha athari za muda mrefu zaidi: watoto waliotibiwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walipopimwa miaka miwili baadaye, takriban robo walikuwa na kasoro ya uwezo wa akili. Unyunyiziaji wa dawa ndani ya nyumba, ulioanza Tororo Desemba 2014, ulishusha sana idadi ya wagonjwa.

Mpaka huo hutenganisha pia sera. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya awali, hivyo ni kaunti inayoajiri walimu wa chekechea za umma. Uganda ilianza elimu ya msingi bure mwaka 1997, lakini kuanzia darasa la kwanza; Sheria ya Elimu ya 2008 iliacha chekechea mikononi mwa watu binafsi na jamii. Mzazi wa Tororo asiye na karo hupeleka mtoto darasa la kwanza kabla ya umri, na wengi wa watoto hao huishia kurudia darasa. Sera ya Taifa ya Walimu ya Uganda ya 2019 inataka mwalimu wa kila ngazi, wa chekechea akiwemo, awe na shahada. Pale mshahara wa mwalimu unapotoka kwenye karo ya wazazi wa kijijini, ni vigumu kuona nani atalipia shahada hiyo. Tena kilichowasaidia watoto wa Busia, kwa mujibu wa utafiti wa uji, kilikuwa uzoefu wa mwalimu darasani.