MWANAUSHIRIKA NA ULINZI WA MALI YA CHAMA



Wakulima wa Ngara na Biharamulo hawahitaji kuelezwa hasara ya ujambazi. Wilaya hizi zi karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, na kati ya mji mmoja na mwingine kuna misitu mirefu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Wengi wao walikuwa raia waliokimbia kuuawa au kukimbia vita, lakini silaha nazo ziliingia. Kwa miaka mingi baada ya hapo mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki, na mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita.

Askari peke yao hawawezi kuwapo katika kila kitongoji na kila ghala. Hapana budi mwananchi naye ashiriki. Desturi hii si ngeni, kwani tangu zamani aliyesikia yowe na asitoke alihesabiwa kuwa mshirika wa mwizi. Mwaka 1982 wananchi wa Kahama waliunda Sungusungu ili kuwakomesha wezi wa ng'ombe, na utaratibu huo ukaenea mikoa mingi. Mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za Mgambo, na Sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata. Hata hivyo, historia hiyo ina upande wake wa giza: katika baadhi ya vijiji watu walipigwa, na vikongwe waliteswa kwa tuhuma za uchawi. Ndiyo maana yafaa kila mwanachama aelewe mipaka ya msaada wake.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaeleza mambo haya:

(a) Mtu ajuaye kwamba kosa limetendwa au linakusudiwa kutendwa anapaswa kutoa habari polisi, au kwa kiongozi wa mahali hapo.

(b) Raia anaweza kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa lililotajwa na sheria hiyo. Mwenye mali, mtumishi wake, au aliyepewa idhini naye, anaweza kumkamata anayekutwa akiiharibu mali hiyo.

(c) Aliyekamatwa asizuiwe kwa nguvu kupita kiasi kinachohitajika ili asitoroke.

(d) Akabidhiwe polisi bila kuchelewa pasipo sababu.

Hakuna kifungu kinachomruhusu raia kumhukumu mtu. Katiba yetu inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Mlinzi wa chama ampigaye mwizi hadi kufa hubadilika kuwa mshtakiwa wa mauaji. Jamaa zake hukosa mlezi, na chama hukosa habari ambazo marehemu angeweza kuzitoa juu ya wenzake na mahali ilipofichwa mali.

Lipo pia lalamiko linalosikika mara kwa mara: "Tulimkamata, tukampeleka, na juma la pili tukamwona sokoni." Lalamiko hili lina uzito, na panapokuwa na rushwa haifai kunyamaza. Lakini yafaa tujiulize kwanza: je, mtu huyo amepewa dhamana? Dhamana si msamaha. Kesi ingali ipo. Na je, mashahidi walikwenda mahakamani? Kesi isiyo na shahidi huanguka, hata kama kijiji kizima kinajua ukweli. Kumkamata mwizi usiku mmoja ni nusu ya kazi. Kurudi mahakamani mara ya tatu, wakati wa palizi, ndiyo nusu ya pili.

Kwa hiyo makatibu wanashauriwa: wawe na namba ya simu ya kituo cha polisi kilicho karibu, na ijulikane kwa mlinzi wa ghala, siku ya kusafirisha mazao au fedha isitangazwe ovyo, ghala likivunjwa, mtu asiguse kufuli wala mlango mpaka polisi wafike, idadi ya magunia na uzito wake viandikwe kila jioni, maana chama kisicho na hesabu hakiwezi kuthibitisha kilichoibwa, majeruhi achukuliwe fomu namba 3 ya polisi, naye atibiwe haraka, na michango ya ulinzi itolewe stakabadhi na isomwe mkutanoni. Shahidi wa chama naye asaidiwe nauli, kwa idhini ya mkutano.

Polisi anahitaji macho, masikio na ushahidi wetu. Tukimpa hivyo vitatu, na tukamwachia hakimu kazi yake, mkulima ataweza kulala akijua kwamba jasho lake li salama ghalani.