Kwa Nini Mimea ya Jangwani Huoza Chunguni?

Katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, vyungu vya maua hupamba baraza za nyumba nyingi. Humo hukuzwa mishubiri, mipungate na mwaridi wa jangwani, mmea wenye shina nene ambao asili yake ni nchi kavu za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mimea hii husifiwa kwa kustahimili ukame. Hata hivyo, masika yafikapo, kati ya Machi na Mei, mingi hulegea shina na kuoza. Mwenyewe hudhani ina kiu, akaiongezea maji. Kumbe anaiharakishia kifo.

Mizizi nayo hupumua

Mizizi huhitaji oksijeni iliyomo katika nafasi baina ya chembe za udongo. Oksijeni husambaa majini polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Kwa hiyo, nafasi hizo zikijaa maji, mizizi hukosa pumzi, hufa, na kuvu huishambulia. Isitoshe, mimea mingi ya aina hii hufungua stomata zake usiku, hivyo hupoteza maji machache, na udongo wake hukawia kukauka.

Kosa la kokoto

Wengi hutandika kokoto chini ya chungu wakiamini kuwa maji yatatoka upesi. Fizikia yakanusha imani hiyo. Nafasi nyembamba za udongo huyashikilia maji kwa nguvu kuliko nafasi pana za kokoto. Hayashuki mpaka udongo ulio juu yake umelowa kabisa. Kokoto basi haziliondoi tabaka la maji, bali hulipandisha karibu na mizizi.

Mwalimu aweza kuonyesha darasani jinsi maji yanavyobaki chini ya chungu. Kipande kirefu cha sponji ya godoro kiloweshwe, kishikwe kikiwa kimelala mpaka matone yakome. Kisha kisimamishwe wima: maji yatadondoka tena. Sponji ni ileile. Kilichobadilika ni kimo. Vivyo hivyo, udongo wa chungu kifupi hubaki umelowa zaidi kuliko ule wa chungu kirefu. Ndiyo maana bonsai, yaani miti inayodumazwa katika vyungu vya kina kifupi kwa ufundi wa Wajapani, huhitaji udongo wenye chembe kubwa zaidi.

Kuchanganya udongo

Mfinyanzi wa mabondeni haufai, kwani nafasi zake ni finyu mno. Mchanga laini huziba nafasi zilizopo, na mchanga wa pwani una chumvi. Mchanganyiko unaofaa ni huu: sehemu 2 za mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, sehemu 1 ya matofali ya kuchoma yaliyopondwa, na sehemu 1 ya mboji iliyooza vizuri. Mchanga na matofali vichekechwe, vumbi litupwe, zibaki chembe za milimita 2 hadi 5. Kwa bonsai, mboji ipunguzwe.

Chungu sharti kiwe na matundu. Kabla ya kumwagilia, kijiti kikavu kichomekwe hadi chini na kuachwa kwa dakika chache. Kikitoka na unyevu, maji yasiongezwe. Wakati wa masika vyungu viwekwe upenuni.

Jambo hili si la mapambo tu. Ipo mishubiri isiyoota porini popote duniani ila Tanzania, na hukua taratibu. Kila mmea ung'olewao porini ukaozea chunguni ni hasara isiyorudishwa upesi.