Vikaragosi vya XYZ na Mkandarasi Wetu wa Soksi

Kurasa hizi aghalabu huwa na makala ya ngeli, methali na madhara ya dawa za kulevya. Leo naomba ruhusa niandike kuhusu kichekesho cha televisheni. Tafadhali usigeuze ukurasa, maana nina deni la kulipa humu ndani.

Oktoba 2025, Raila Odinga alipoaga dunia, televisheni yetu hapa Loresho haikuzimwa kutwa. Usiku, sisi tukidhani Baba amelala, tukamkuta sebuleni na simu yake akitazama kanda za zamani za The XYZ Show. Kwenye kioo kulikuwa na kikaragosi cha Raila na kikaragosi cha Kibaki, vichwa vikubwa kama mitungi. Baba akacheka hadi akakohoa, kisha akanyamaza kabisa. "Wote wawili wameenda," akasema. Kibaki alikuwa ametangulia Aprili 2022. Mama naye akasema kipindi hicho kilipoanza mwaka 2009 mimi nilikuwa mtoto mchanga, tena msumbufu wa kulala, na kwamba nilikitazama chote nikiwa mapajani mwake. Sikumbuki hata picha moja! Ndipo nikaanza kuzitafuta kanda hizo mwenyewe, hasa zile za msimu wa kwanza.

Lakini nilikuwa na sababu nyingine, na wengi wenu mnaijua. Siku ya wazazi, muhula wa pili, chama chetu kiliigiza mchezo mfupi wa vikaragosi. Tulivishona kwa soksi kuukuu na vipande vya maboksi. Aliyeandika maneno ni mimi. Palikuwa na mheshimiwa aliyekuja kufungua barabara ambayo haijajengwa, na mkandarasi aliyekula pesa zake. Mwanzoni mheshimiwa ndiye aliyekuwa na maneno matamu. Halafu tukaogopa. Mtakumbuka kwamba Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza kule Nakuru, polisi walifyatua vitoa machozi wakati wa sakata ya mchezo wa Echoes of War wa shule ya wasichana ya Butere, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Sisi ni nani? Nikafuta maneno makali ya mheshimiwa, moja baada ya jingine, hadi akabaki anasalimia watu tu.

Sasa mchezo ukawa baridi kama chai ya jana. Siku mbili kabla ya maonyesho nikapata dawa: nikampa mkandarasi matamshi ya "balabala" na "selikali", yale ambayo sisi wanafunzi tunaita kushrabu. Basi ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Wazazi walipiga meza.

Aliyeshika kikaragosi cha mheshimiwa nyuma ya pazia ni rafiki yangu, ambaye simtaji. Yeye hutamka hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo lugha ya kwao ilivyo. Alicheka pamoja nasi. Lakini tangu siku hiyo hainui mkono kusoma ufahamu darasani. Kwenye foleni ya githeri watu walimwita Mkandarasi, akawa anageuza uso. Mwishowe akaacha kuja chamani.

Sasa turudi mwaka 2009. Aliyebuni The XYZ Show ni Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mchoraji vibonzo mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye tangu mwaka 1992 alikuwa akichora katika gazeti la Daily Nation. Alikuwa ameona vikaragosi vya wanasiasa vya nchi za nje: Spitting Image cha Uingereza kilichoanza 1984, na Les Guignols de l'info cha Ufaransa kilichoanza 1988. Hicho cha Ufaransa ndicho alichokifuata zaidi. Kilikuwa taarifa ya habari ya uongo iliyosema mambo ya kweli. Kwa hiyo XYZ nayo ikawa na mtangazaji wake, kikaragosi aitwaye Keff Joinange. Ukilitamka jina hilo haraka utajua ni mwanahabari gani aliyekuwa akiigwa.

Usidhani ni kazi ya soksi kama zetu. Kichwa cha kikaragosi cha aina hiyo hufinyangwa kwanza kwa udongo, pua ikazidishwa, mashavu yakavutwa. Kisha hutengenezwa kalibu ya plasta, ndani yake kukamiminwa povu la mpira ambalo hukauka likawa laini kama ngozi. Hupakwa rangi, huvishwa nywele, macho na suti. Wachezaji hujificha chini ya meza, mikono juu, huku wakitazama kioo kidogo ili wajue kikaragosi chao kinaangalia wapi. Mikono huuma! Sisi tulishika zetu dakika nane tu na mabega yakawaka moto. Kazi hiyo hula pesa nyingi, na XYZ ilitegemea pia wafadhili, mmojawapo Ford Foundation.

Ila utaalamu sio ulionikalisha usiku. Fikiria mwaka wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya waliuana. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila wakatia sahihi mapatano, ikaja serikali ambayo watu waliiita nusu mkate. Mwaka mmoja tu baadaye, makovu bado mabichi, wanakuja watu na vikaragosi vya Kibaki na Raila wanataka Wakenya wote wacheke. Baba anasema mtaani wakati huo ulikuwa ukifikiri kwanza kabla ya kutaja jina la mkubwa, maana hujui jirani yako alipigia nani kura. Lakini XYZ iliwacheka wakubwa wa pande zote. Leo wako, kesho wangu.

Ni kweli njia ilikuwa imefyekwa. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilichekesha Kenya nzima, lakini vilibaki nyumbani na mahakamani, rais hakuguswa. Waliomgusa ni vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kundi la Redykyulass: Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Walimwiga Rais Moi kwenye televisheni yeye mwenyewe akiwa bado Ikulu, kabla hajastaafu mwaka 2002. Mama anasema mara ya kwanza kuona hivyo, nyanya yangu aliinuka akafunga mlango.

Siwadanganyi, XYZ nayo iliiga matamshi. Kibaki alivuta maneno polepole, Raila alikuwa mtu wa vitendawili, na vikaragosi vyao vilisema vivyo hivyo. Kuna kanda ambazo kwa maoni yangu zilitegemea sauti tu, na hizo zilinichosha. Lakini katika zilizo nzuri, sauti ni ya mtu mmoja anayejulikana, mwenye walinzi na bendera kwenye gari, na unachocheka ni alichofanya na mamlaka yake. Mkandarasi wangu hakuwa mtu yeyote. Hakuwa na jina. Ukimwondolea "balabala" yake, hakubaki na kosa hata moja ambalo nililiandika vizuri. Kwa hiyo ukumbi ulicheka nini? Ulicheka ulimi, na ulimi ule ni wa watu wengi waliokaa humo humo ukumbini. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinatupa uhuru wa kujieleza, na hicho hicho kinakataza kudhalilisha wengine. Tulikisoma kidato cha kwanza, nikapata alama nzuri.

Nilimwogopa mheshimiwa wa soksi, nikampiga rafiki yangu.

Nimeuandika mchezo upya kwa ajili ya mwaka ujao. Mheshimiwa amerudishiwa maneno yake, na mwalimu mlezi ameyasoma yote kwa kalamu nyekundu mkononi. Amefuta mawili tu. Mkandarasi sasa anazungumza Kiswahili sanifu cha kutisha, kama mtahini wa insha, na anaiba kwa risiti. Nilimpelekea rafiki yangu nakala hadi kwao Kangemi. Akasoma ukurasa wa kwanza mlangoni, akauliza ni nani atakayemsema mkandarasi. Nikamwambia hatujamchagua. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema mama yake anamwita.

Mazoezi ni Alhamisi baada ya michezo, darasa la 3 Mashariki. Kikaragosi cha mkandarasi kimepoteza jicho moja. Mwenye kifungo cheusi atuletee.