Mlango, chumba na handaki katika Kiklingoni

Vijana wanaotazama filamu za Star Trek wanatuuliza kama lugha ya Waklingoni ni lugha kweli ama ni kelele za sinema tu. Ni lugha, ijapokuwa watu wake ni wa kubuniwa. Mwanaisimu wa Marekani, Marc Okrand, aliitunga kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984, na kamusi yake ilitoka mwaka 1985. Tuiingie kwa mlango: tuchukue maneno ya vyumba na mapito peke yake.

Mlango ni lojmIt, na lango pia ni lojmIt. Chumba ni pa'. Alama ile ya mwisho ni pumzi inayokatwa kooni, nayo inahesabiwa kama herufi nyingine. Pango ni DIS, handaki ni 'och, gereza ni bIghHa'. Kupita ndani ya mlango au handaki kuna kitenzi chake, vegh. Ukumbi wa mkutano ni vaS. Ukiongeza -'a' ya kukuza unapata vaS'a', Ukumbi Mkuu. Puch ni choo na vut ni kupika, kwa hiyo puchpa' ni chumba cha choo na vutpa' ni jiko.

Lakini kinachotufurahisha zaidi ni kiambishi -Daq. Kinaonyesha mahali, na kinakaa mwishoni mwa jina kama -ni ya Kiswahili sanifu: juH ni nyumba ya mtu, juHDaq ni nyumbani, pa'Daq ni chumbani. (Sisi wa Bukavu na Lubumbashi, ambao kila siku tunasema «mu nyumba», tungepata taabu kidogo hapo.) Tena pa' ina maana ya pili: «pale». Je, msikilizaji atatofautishaje? Neno lenye maana ya «pale» halipokei -Daq kamwe, kwa sababu tayari ni mahali. Ukisikia pa'Daq, ujue ni chumba. Kiswahili nacho hakisemi «paleni» wala «hapani», kwa sababu ileile. Okrand hakuhitaji kuchukua jambo hilo kwetu. Lugha nyingi za watu hufikiri hivyo.

Kamusi ya kwanza ilifuata mahitaji ya filamu, yaani askari na vyombo vyao vya angani. Ndiyo maana meH, chumba cha kuongozea chombo, ilipata jina mapema, huku vitu vingi vya nyumbani vikikosa. Wasemaji nao wamekubaliana kutojitungia maneno: wanangoja Okrand ayatoe. Ni nidhamu nzuri kwa kamusi, lakini ni ngumu kwa mtu anayetaka kuishi ndani ya lugha hiyo.

Mmoja alijaribu. Katika miaka ya 1990 mwanaisimu Mmarekani d'Armond Speers alizungumza Kiklingoni na mwanawe mdogo kwa miaka mitatu hivi, mama akisema naye Kiingereza. Mtoto alijifunza maneno. Lakini baba alihitaji kutaja vitu vinavyomzunguka mtoto ndani ya nyumba, na mara nyingi neno halikuwepo. Ilimbidi azunguke kwa maelezo. Mwishowe mtoto akaelekea Kiingereza, na baba akaacha.